Parachichi za Carama na Mtungi wa Mama Joëlla

Saa moja asubuhi, mlango wa ghala moja karibu na Bandari ya Bujumbura unafunguliwa. Médiatrice Nizigama anainamisha kichwa na kusali kidogo, kisha anaokota parachichi la kwanza na kutazama kikonyo. Lisilo na kikonyo analiweka kando.

"Hii itaoza mbele ya kufika Dar," anasema. "Heri tuikule sisi."

Médiatrice, 43, anaongoza wanawake kumi na wawili wanaochambua matunda ya kuuzwa ng'ambo. Kila mmoja hulipwa faranga 10,000 kwa siku. Mwenye biashara ni Anouar, kutoka Morocco. Kwa kuwa mpaka na Rwanda umefungwa, alichagua njia ya ziwa: boti hadi Kigoma, kisha barabara hadi baharini.

Mwaka jana nusura Anouar aondoke nchini.

Médiatrice alipika miaka tisa katika nyumba moja ya mtaa wa Kinindo, akajifunza Kifaransa humo. Ndiye aliyemfasiria Anouar mbele ya wakulima wa parachichi wa Carama, kaskazini mwa jiji. Mzee Hyacinthe, kiongozi wao, alifungua bia, akaonja kama desturi inavyotaka, akampa mgeni. Anouar ni Mwislamu. Hakutaka ubishi, akaipokea kwa tabasamu, akampa dereva wake.

 Wakulima wote wakaukubali mkataba wa kumuuzia parachichi, lakini kwa sauti ya chini. Wiki tatu zikapita bila tunda hata moja.

"Patron, bosi wangu, akasema watu wetu hawashiki neno lao," anakumbuka Médiatrice. "Akaanza kutafuta ghala Kigoma. Kazi hii ndiyo shule ya binti yangu Joëlla. Nilifunga siku mbili, nikiomba."

Siku ya tatu alikwenda kwa Hyacinthe.

"Mama Joëlla, bosi wako anaogopa sumu yangu?" mzee alimuuliza. "Mi nilionja, yeye akamupa dereva. Dereva ndiye afe?"

"Apana, mzee. Dini yake inamukataza pombe."

"Na we ulijua?"

"Nilijua. Niliona haya kukukatalia mbele ya watu."

Jumapili baada ya misa, Médiatrice alikamua juisi ya ndizi mbivu, isiyochachushwa, akaiweka katika mtungi mmoja wenye mirija. Akaonja yeye kwanza. Anouar na Hyacinthe, aliowaalika wote wawili, wakainama pamoja kunywa.

"Polepole, patron," mzee alimtania. "Na sisi tuna kiu."

Jumatano kreti za kwanza zilifika ghalani. Sasa zinapita tani nane kwa wiki, na Anouar amekodi ghala kwa miaka mitano.

Médiatrice naye amepanda miche arobaini ya parachichi huko Carama.

"Itazaa mwaka wa ine," anasema, akirudi kwenye kreti yake. "Ule wa tano namuomba Mungu niuze mi mwenyewe. Patron atakuja kwangu kununua, na mtungi nitaonja mi kwanza."