Mama alipofanya kilio bila maiti, stesheni ya Kolwezi

Salamu kwenu wakuu.

Nimesoma humu hoja za watu wanaoamini kwamba kuwaacha wananchi waseme hasira zao ni kuwasha moto. Naomba niweke mezani kisa cha nyumbani kwetu. Sitakipaka rangi.

Nilizaliwa Kolwezi, mji wa migodi mkoani Katanga, baba akiwa karani wa mgodi. Babu ndiye aliyeletwa kutoka mkoa wa Kasai kuchimba shaba. Sisi wajukuu hatukuijua Kasai hata kwa picha. Mwanzoni mwa miaka ya tisini, migodi ilipoporomoka, tukaambiwa sisi ni wageni, turudi kwetu.

(Hebu fikiria kurudishwa mahali ambapo hujawahi kufika.)

Vijana wa mtaa walitutoa nyumbani. Tukajibanza stesheni na familia nyingine nyingi, tukingoja treni.

Tangu siku ile kaka yangu Kalala hakusema neno. Alikuwa akinoa panga kwenye ukingo wa saruji. Sote tulijua anataka kurudi kwenye nyumba yetu, na kwamba akienda watamuua. Baba alimsihi atulie, anyamaze. Lakini wakuu, alikuwa amenyamaza tayari. Kimya chenyewe ndicho kilichotutisha.

Asubuhi moja Mama alivua kitambaa cha kichwa, akaketi mchangani, akanyoosha miguu, akaanza kulia kwa sauti ya msibani.

Kwetu, anayelia msibani hakatizwi. Anaweza kumsema yeyote, mkubwa kwa mdogo, na kesho yake hakuna anayemshitaki kwa maneno yale.

Baba alishtuka. Kulia bila maiti ni kujiitia kifo.

"Mama Kalala, nyamaza. Hakuna mufu hapa."

"Nyumba iko," Mama akajibu. "Nilizalia batoto yote mule. Mi naililia. Nani atanikataza?"

Akaililia kweli. Alililia jiko, mparachichi wa uani, dirisha lililokuwa halifungiki vizuri. Kisha akawasema wakubwa wa mkoa, akawasema vijana waliotutoa, akamsema hata Baba kwa kututaka tuwe wapole kila siku. Baba aliinamisha kichwa, akasikiliza.

Wanawake wengine wakaja kuketi, kila mmoja akililia nyumba yake. Jirani yetu Mama Ngoie, Mkatanga mwenyeji wa pale, alikuwa ametuletea unga. Naye akaketi, na kwa kuwa msibani hafukuzwi mtu, akaachwa alie. Alisema mwanawe alikuwa miongoni mwa waliotutoa, na yeye alijifungia ndani.

Hapo Kalala akasimama, panga mkononi. Watu wakarudi nyuma. Mama hakuinuka; alisogea kidogo tu, akampigapigia mchanga ulio kando yake.

"Kuja, baba. Sema na wewe."

Kalala aliketi. Akamtazama Baba, ambaye kwetu huitwa tata, yakamtoka:

"Balipiga tata mbele yangu. Mi nilikuwa naangalia tu."

Baba akavuka duara la wanawake, akapiga magoti mbele ya mwanawe.

"Na mi nilikuwa naomba Mungu usitoke mule ndani."

Wakalia wote wawili. Sikuwa nimewahi kumwona Baba akilia. Panga lilibaki chini, na jioni Kalala mwenyewe akalitumia kupasulia kuni za kupikia ule unga.

Hakwenda popote.

Nyumba hatukurudishiwa, na sidai kwamba kilio kilileta haki. Haki ile tunaidai mpaka leo. Ninachojua ni kwamba kaka yangu alikuwa amebeba aibu aliyokatazwa kuisema, na alipoisema mbele ya watu wasiomkatiza, hakuhitaji tena kumuumiza mtu. Leo ana wajukuu.

Basi wakuu, ninapoona viongozi wakiwanyamazisha watu ili kulinda amani, namkumbuka Kalala kabla ya asubuhi ile.

Je, kwenu mtu aliyeumizwa husemea wapi bila kukatizwa? Karibuni. Anayenipinga naye aandike yote. Nitamsoma hadi mwisho.