Wa Kumi na Moja kati ya Kumi na Mmoja

Watu husema mimi ni mkorofi, na sibishi. Nauza asali sokoni Tabora. Mtu akichukua chupa yangu, akaitikisa, akainusa, kisha akaniuliza kama nimetia sukari, namnyang'anya na kumwambia sukari iko dukani, aende. Wateja wangu wamenizoea. Naanza na hilo ili anayesoma asije akafika mbele akasema, huyu mama vipi? Ndivyo nilivyo.

Mwanangu wa pili anacheza kwa viatu vyenye matairi madogo chini. Sizungumzii wale vijana wa Dar wanaojishikiza nyuma ya magari barabarani. Huyu anacheza kwa muziki: anazunguka kwa mguu mmoja, anaruka, anageuka hewani, anatua akirudi kinyumenyume, mikono kaitandaza. Wenzake wa nchi za baridi wanafanya vivyo hivyo juu ya barafu, viatu vyao vina visu chini. Aliwaona kwenye simu, vijana wa kiume wa rika lake, wamevaa mashati ya kung'aa, wanashindana mbele ya majaji, na tangu siku hiyo hakuna aliyelala vizuri nyumbani kwangu. Sisi barafu yetu ni ile ya ukwaju ya kwenye mfuko wa nailoni, watoto wanaifyonza wakitoka shule. Basi akatafuta matairi.

Viatu alivipata kwa muuza mitumba, vikubwa, akawa anavaa soksi tatutatu. Sakafu tuliipata kwa mlinzi wa ghala moja la tumbaku kwenye njia ya kwenda Kwihara. Tumbaku ikishauzwa, ghala hukaa tupu miezi, na saruji yake imesuguliwa na marobota miaka mingi mpaka inateleza kama sahani. Mlinzi nilimpelekea asali, akasema yeye hajaona mtu. Mwalimu naye alikuja mwenyewe: kijana wa michezo aliyehamishiwa shule ya jirani kutoka Dar, ambaye mchezo huo aliucheza kidogo utotoni. Ghala lile lina nguzo katikati, safu mbili. Mwanangu alijifunza kuruka kati ya nguzo. Miezi ya mwanzo alizigonga zote, moja baada ya nyingine.

Maneno yalikuwepo, tena mengi. Mwanaume gani huyo anazunguka kama pia? Na lile shati la kung'aa? Mama mmoja wa kwaya yetu alinishika mkono baada ya ibada, akaniambia kwa sauti ya huruma kwamba wananiombea kwa ajili ya yule mtoto. Nikamwambia aanze na mumewe, mimi nitasubiri foleni. Hatukusalimiana mpaka Pasaka.

Baba yake ni fundi wa reli, si mtu wa maneno. Alikwenda ghalani mara moja, akasimama mlangoni, akatazama, akarudi nyumbani.

"Anaanguka sana," akasema.

"Anaanguka, anaamka," nikamwambia. "Wewe reli zako hazipindi?"

Akacheka, akala ugali wake. Kutoka hapo hakusema tena neno baya.

Siku moja mwalimu akaja na habari. Kuna mashindano ya kimataifa ya vijana, Nairobi, ya kucheza kwa matairi, kwa wavulana ambao hawajatimiza miaka kumi na minane. Mwanangu alikuwa anatimiza kumi na minane mwezi mmoja baada ya mashindano. Ilikuwa huo mwaka au basi tena. Nikaanza kusema habari za medali, na pale mwanangu akanikatiza, jambo ambalo si kawaida yake.

"Mama, medali sitaki. Wale nimewatazama, najua nilipo. Nataka jina langu litoke kwenye orodha na nafasi yangu pembeni. Ukimaliza mchezo, unapewa nafasi. Usipomaliza, wanaandika hakumaliza, yaani kama hukwenda."

"Orodha tu?"

"Orodha tu. Niwe nilikuwepo."

Hilo nililielewa. Ambaye hajatimiza kumi na minane alitakiwa kusindikizwa na mzazi, na baba yake hakupata ruhusa kazini. Nikafunga meza yangu ya asali, tukapanda basi watatu: mimi, yeye, na mwalimu. Nzega, Igunga, Singida, Arusha, kisha Namanga. Dada wa mapokezi kule ukumbini alitazama karatasi zetu akasema, jamani, Tabora, mbona mbali hivyo? Nikamwambia babu zetu walikwenda pwani kwa miguu, mizigo begani, wakarudi, na sisi tumekuja tumekaa kwenye viti. Mwalimu akanivuta kanga. Safari nzima alikuwa ananivuta kanga.

Walikuwa vijana kumi na mmoja. Nitasema ukweli, nilipowaona wale kumi wengine niliwatazama viatu kwanza. Viatu vyao vilikuwa vya kuwakaa mguuni, shati limeshonwa na mtu anayejua bega linapoishia. Mmoja alikuwa na mtu wake wa kumfunga kamba za viatu tu. Wanangu mimi wamejifunga kamba wenyewe tangu chekechea. Mwalimu akanikalisha mstari wa mbele kabisa, akaniambia, "Mama, hapa watu wanapiga makofi tu. Wakimaliza." Nikasema sawa, nimesikia.

Nilisikia kweli. Lakini kwenye simu nilikuwa nimeona vilevile, mchezaji akipendeza watu wanamrushia maua, wanamrushia midoli. Nikajiambia, kumbe na wao wanatuza. Kwetu mtu akicheza vizuri hukai tu ukamtazama kama umelazimishwa kuja. Unainuka unamfuata palepale anapocheza, unamvisha kitu, unamtandikia kanga apite juu yake. Ukisubiri amalize, umemdharau. Hicho ndicho nilichokuwa nakijua.

Mwanangu akaingia wa saba. Akaanza taratibu, na nikaona hasiti hata kidogo. Kulikuwa na sehemu anachuchumaa, mguu mmoja kaunyoosha mbele, anateleza chini kwa chini. Ghalani alikuwa hawezi kuimaliza, kila mara anakaa chini kama mtoto. Siku hiyo aliimaliza, akainuka, akaja upande wetu, mikono wazi, uso umetulia namna ambayo sijawahi kuiona. Jamani, mimi nilimzaa yule! Nikapiga kigelegele, nikavua kanga ya mabegani, nikainama juu ya kizuizi, nikamtandikia sakafuni.

Ala! Matairi na kanga. Ndipo akili ikanirudia, na kanga ilikuwa tayari iko chini, imejikunja, na yeye anaijia kwa kasi. Nikafumba macho. Nilipofumbua alikuwa ameikwepa kwa upande mmoja, mkono umegusa sakafu, lakini hajaanguka. Mtu mwingine angevunjika shingo. Yeye alikuwa amezoea nguzo. Jaji mkuu akainua mkono, muziki ukakatwa, na ukumbi mzima ukanigeukia.

Jaji mkuu alikuwa mama wa makamo, miwani kaining'iniza kifuani. Alikuja mwenyewe, ameishika kanga yangu kwa ncha za vidole.

"Mama, hii ni yako?"

"Ni yangu. Na mwenzake huyu hapa nimejifunga, kama unataka kuhakikisha."

"Kwa nini umemrushia?"

"Sijamrushia. Nimemtandikia."

Akavuta pumzi. Akanieleza, kwa upole, sitamsingizia, kwamba mchezaji akikatizwa na kitu anaruhusiwa kuendelea pale alipoishia. Lakini kwa kuwa kitu kimetoka kwa mtu wake mwenyewe, atapunguziwa alama, na mimi natakiwa kutoka nje. Nikibaki, haendelei.

"Nitolewe nje kwa kumtuza mwanangu? Thubutu! Tumepanda basi siku mbili—"

"Mama." Alikuwa mwalimu, ananivuta kanga ya kiunoni. "Wametoa dakika tatu. Zikiisha, wanaandika hakumaliza."

Nikamtazama mwanangu. Alikuwa amesimama katikati ya ule ukumbi, mikono kiunoni, anahema, na hanitazami. Anatazama sakafu. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Kitu kimoja alichoniomba maishani kilikuwa ni lile jina kwenye karatasi, na mimi nilikuwa nabishana.

Nikatoka. Nilipita mbele ya mstari mzima wa mama wa wale vijana wengine, na chupa zao za chai, kichwa juu, na kanga yangu nikaichukua mkononi mwa jaji bila kusema asante.

Mlango ukafungwa nyuma yangu. Muziki ukaanza tena. Ule muziki naujua wote, nimeusikia ghalani mpaka nikachoka nao. Kuna mahali ngoma inanyamaza kidogo, na hapo ndipo anaporuka na kugeuka mara mbili hewani. Nikabandika sikio ukutani. Ngoma ikanyamaza. Kisha nikasikia matairi yametua, yote, na yanaendelea kuviringika. Bawabu akaniuliza, "Mama, unalia?" Nikamwambia ashughulike na mlango wake.

Makofi yakaja. Amemaliza.

Orodha ilibandikwa jioni. Jina lake lilikuwa la mwisho kabisa, na pembeni kumi na moja. Akalipiga picha kwa simu, akatabasamu peke yake. Mimi nikamvuta mwalimu pembeni nikamuuliza, je, zile alama walizomkata kwa ajili yangu, zingerudishwa angepanda nafasi ngapi? Mwalimu hakutaka kusema. Nikambana.

"Hata moja, Mama. Yule wa kumi yuko mbali. Wale wanageuka mara tatu hewani, wetu mara mbili."

Kwenye basi la kurudi sikufumba jicho. Niliijua midomo inayotusubiri. Yule wa kwaya. Walinzi wa maghala ya jirani. Wa mwisho, wangesema, tulijua, wa mwisho! Nikaamua tukiwa bado hatujafika Singida. Wakiniuliza, nitasema ni mimi. Mimi ndiye niliyemharibia, kama si kanga yangu angekuwa mbali. Mimi nimeshatukanwa sana, tusi moja zaidi halinipunguzii kitu.

Na watu wakaipenda hiyo hadithi! Mwezi wa kwanza walisema angekuwa wa tano. Mvua zilipoanza ikawa angekuwa wa pili. Kufikia mavuno nilikuwa nimemnyima mwanangu ubingwa wa dunia nzima, na watoto walikuwa wananionyesha kidole wakipita sokoni, yule pale mama wa kanga. Sikukanusha. Nilikuwa nawajibu kwa ukali ili waamini zaidi. Mwanangu alikuwa anasikia, ananyamaza, na mimi nikadhani ananishukuru.

Kisha siku moja asubuhi alikuwa ananisaidia kumimina asali kutoka kwenye ndoo kwenda kwenye chupa. Akaja mzee mmoja, mteja wangu wa siku nyingi, na mgeni wake kutoka Bukene. Mzee akamwambia mgeni, huku ananicheka, "Asali yake nzuri, ila umwogope. Huyu ndiye aliyemnyima mwanawe ushindi."

Mwanangu akaweka ndoo chini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, baba."

"Sikunyimwa kitu. Tulikuwa kumi na mmoja, nikawa wa kumi na moja. Wangenirudishia alama zote za kanga, bado ningekuwa wa kumi na moja."

Mzee akakodoa macho. "Kumbe wa mwisho?"

"Wa mwisho."

Nikamwambia nyamaza, wewe, kamimine asali. Akanigeukia. Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililoniuma.

"Mama, miezi yote hii unanisemea uongo. Kila mtu hapa ananijua kwa nafasi ambayo sikuipata. Niliyoipata mwenyewe, kwa miguu yangu, nimekaa nayo kwenye simu naitazama peke yangu. Kwa nini unaionea aibu?"

Nilisimama na faneli mkononi, asali inanichuruzikia kwenye kidole. Nilikuwa nimejidai namkinga na midomo ya watu, kumbe nilikuwa nakubaliana nayo. Yule wa kwaya angalau alisema mbele yangu.

Mzee bado alikuwa anacheka kidogo, anarudia, "Wa mwisho, kumbe! Wa mwisho!" Ndipo hasira ikanipanda, ile yangu ya kawaida, na safari hii ilijua pa kwenda. Nikaipiga meza kwa kiganja mpaka chupa zikagongana.

"Ndiyo, wa mwisho! Sikieni nyote! Nilisema uongo, kanga haikumpunguzia kitu. Walikwenda Nairobi vijana kumi na mmoja kutoka huko duniani, mwanangu akawa wa kumi na moja, na akamaliza! Mwenye wa kumi na mbili amlete hapa tumwone!"

Yule mgeni wa Bukene akauliza polepole kama asali ile ina sukari. Mwanangu akamjibu kabla yangu kwamba haina, akaokota ndoo yake, akaendelea kumimina bila kumwaga tone.