Kamba ya mama na bilato ya Noeli

Kila mwezi wa kumi na mbili, wakati maduka ya Kolwezi yanaanza kutundika mataa ya Noeli, tumbo yangu inafunga. Benzangu banauliza bei ya kuku. Mi nawaza tu mulango ya parcelle, kiwanja ya tonton, mukubwa wa baba yangu, kwenye famii yote inakulaka Noeli. Mi mwenye kuuzisha unités ya telefone pembeni ya barabara, mwenye kugombana na bashofere ya camion bila woga, nikifika pale naanza kuchechema. Na miguu yangu haina hata kidonda.

Nilikuwa na myaka saba. Baba alishakufaka, tulikuwa tunaikala na mama mu kachumba ya nyuma, kwa tonton. Kwetu, mutoto haone bilato, viatu bipya ya Noeli, mbele ya siku yenyewe. Akilala, mama anapima muguu yake na kamba, anakata pale vidole vinaishia, na ile kamba njo inaendaka ku soko. Mama alipima. Alipatia tonton kamba. Tonton akapitia kwanza kwa benzake kunywa, kamba ikapotea, akanunua kwa macho tu. Ile maneno mama aliniambia chini-chini, nikiwa nimeshakuwa mukubwa.

Asubuhi, muguu ilikataa kuingia. Tonton akasukuma kisigino yangu na mukono wa kijiko. "Bitapanuka," alisema.

Nikaenda nabyo ku kanisa, nikarudia mu matope ya mvua, natembea sawa bata. Parcelle yote ikacheka. Mama alitaka kunitosha bile bilato ku miguu, tonton akasema, "Acha. Ni mi nilinunua." Soksi ilijaa damu.

Toka ile siku jina yangu ni Bata. Kila Noeli tonton anangoja sahani zijae, anaanza ile hadisi, na anamalizaka tu na maneno moya: mama yake hajue kupima mutoto. Banacheka. Mama anaangalia bukari, ugali yake. Ile njo inanikasirishaka kupita bilato.

Pembeni yangu ku barabara kuko mama mumoya mwenye kuuzisha beignets, mandazi ya mafuta. Siku moya kamutoto kake kalianguka, kakalia. Mama yake hakumuambia anyamaze. Alichuchumaa, akauliza, "Inauma wapi? Nionyeshe." Mutoto akaonyesha, akalia mpaka akachoka, akarudia kucheza. Mi nikashikwa na hasira. Maneno kidogo vile, na mu parcelle yenye bantu yote ile, hakuna mwenye aliyapata kwa ajili yangu.

Basi nikaanza kumuuliza mi mwenyewe ule mutoto wa myaka saba mwenye nilikuwa. Tumbo ikifunga, naweka mukono pale: inauma wapi? Mara ya kwanza nilisikia haya. Kisha nikawaza, haya ya nini? Ni mi njo nilipoteza kamba?

Noeli hii nilifika ku mulango, muguu ikaanza kuchechema. Nikasimama. Nikauliza: inauma wapi? Nikangoja kidogo, nikaingia.

"Bata anafika," tonton akasema. "Muangalie, bilato habiyapanuka mpaka leo."

Bakacheka. Nikamuuliza, "Tonton, ile kamba ilienda wapi?"

"Kamba gani?"

"Ya muguu yangu."

"Huyu, banamunywesha nini kule ku barabara?"

Mudogo wangu, mutoto wa tonton, akanivuta mukono. "Yaya, ni fête. Mukubwa ni mukubwa."

"Anicheke mi, niko mukubwa, nitamujibu. Lakini ule mutoto alikuwa anatoka damu na mulicheka. Ule, hamutamucheka tena mbele yangu."

"Mama yako alipima mubaya," tonton akasema.

Mama akatosha mukono mu bukari. Hakupandisha sauti. "Shemeji, kamba nilikupatia mu mukono. Ulirudia bila kamba."

Hakuna mwenye alicheka. Tonton akajiongezea bière, akasema kuku iko na chumvi mingi. Pardon, hakusema, na mi sikungoja.

Nikaikala pembeni ya mama. Nikatosha bilato, nikaweka miguu chini, ku simenti ya baridi. Roho ilikuwa inanipika bado, hasira haikuisha, na sikuiambia iishe. Nikaweka mukono ku tumbo, nikauliza tena kama inauma wapi.

Safari hii ilikuwa njaa tu. Mama akanisukumia paja ya kuku.