Rula Juu ya Chanzo cha Kifo

Yule mama anayejitolea kwenye chumba cha kumbukumbu za koo, mjini Bendigo, Australia, akishika cheti cha kifo hasomi kamwe chanzo cha kifo kwanza. Hukifunika kwa rula ya mbao, akalamba kidole, akaanzia pembeni. Treloar, aliyekuja kutafuta habari za ukoo wake, alimwona akiwafanyia wageni wengine hivyo Jumanne tatu, akawahurumia. Yeye, mtu mzima na kitambi chake, alishamchongea baba wa babu yake kibao cha shaba: shujaa aliyeangukiwa na mgodi wa dhahabu akiokoa wenzake.

"Nani alitoa taarifa ya kifo?" mama akamuuliza zamu yake ilipofika.

"Mkewe. Hakujua kuandika, kaweka alama."

"Marehemu aliugua muda gani?"

Treloar akacheka. "Mama, mtu kaangukiwa na mwamba, ataugua saa ngapi?"

"Wewe soma, baba."

Akasoma. Miaka minne. Mama akaondoa rula taratibu. "Kifua. Vumbi la mawe. Wachimbaji wengi walikwenda hivyo."

"Sasa kibao changu?"

"Si ubadilishe jina tu. Huyu aliyemgeuza kitandani miaka minne anaitwa nani?"

Treloar, aliyejua mpaka jina la farasi wa mgodini, ilibidi avae miwani na kulitafuta jina la huyo mke kwenye cheti.