Bonde Asiloweza Kuingia

Saa sita na nusu mchana pasi zote tano zimezimwa. Wafanyakazi wengine wametoka kwenda kula. Mpiga pasi ambaye hapa dukani kwa dobi kila mtu humwita Mama Mvuke, ingawa hana mtoto, amebaki peke yake nyuma ya mashati yaliyotundikwa. Anafungua kompyuta mpakato yenye kioo kilichopasuka pembeni.

Kwenye kioo kuna mji mdogo wa gemu: daraja, kisima, nyumba mbili zinazotazamana. Moja ni yake. Nyingine ni ya mdogo wake wa kiume, aliyehamia ng'ambo miaka sita iliyopita kupanga mizigo ghalani. Wazazi wao walishafariki. Wamebaki wawili tu.

"Kwenye simu tulikuwa tunaishiwa maneno," anasema. "Umekula? Nimekula. Basi. Lakini kwenye gemu tunabishana mlango ukae wapi, mpaka nasahau kwamba yuko mbali."

Gemu hilo alilinunua kwa mshahara wa siku mbili, kwa kuwa kampuni iliyolitengeneza ilikuwa na bei nafuu kwa nchi zenye kipato kidogo. Mwaka jana ilitoa sehemu mpya, bonde, na bei nafuu ikafutwa. Sasa bei ni moja dunia nzima. Kwa mdogo wake ni ujira wa saa mbili. Kwake ni siku kumi na tisa za kusimama mbele ya pasi.

"Wanasema bei moja ndiyo haki. Haya. Na mshahara je, nao ni mmoja?"

Mdogo wake alijaribu kumnunulia kama zawadi. Ikagoma, kwani sasa zawadi ya nchi moja haifunguki tena nchi nyingine. Mama Mvuke akaiandikia kampuni. Alijibiwa kwamba bei nafuu ilifutwa kwa sababu watu wa nchi tajiri walikuwa wakijifanya wako kwingine ili wanunue rahisi.

Alimsomea mdogo wake jibu hilo kwenye simu.

"Dada, usinikasirikie."

"Kwa lipi?"

"Ile siku nilipokuomba neno la siri la akaunti yako ya gemu, nilinunua magemu manne kwa bei yenu. Nikawauzia wenzangu wa ghalani."

Hakumfokea. Alikata simu, akamalizia mashuka yaliyobaki.

"Iliniuma," anasema, akiangalia vidole vyake. "Si gemu. Alisema 'bei yenu'. Mimi na yeye tulikuwa 'sisi'."

Walinyamaziana wiki tatu. Kisha mdogo mtu akapiga, akalia, wakapatana. Lakini siku hizi anashinda bondeni na marafiki wapya, na nyumba yake mjini imekaa giza. Dada huingia kila mchana, akamwagilia bustani zote mbili.

Barua yake ya pili, ya kuomba bei ya zamani irudi, haijajibiwa. Pesa za mdogo wake hazitaki; ameanza kudunduliza, na anadhani baada ya miezi minne atalinunua bonde kwa jasho lake.

"Naomba kitu kimoja tu," anasema. "Nikifika huko, nimkute bado hajachoka kucheza."