Utabiri wa Katapila

Dada yangu hupiga pasi mashuka ya hospitali. Miguu imemvimba hadi amevikata viatu visigino, na wiki ile kila aliyepita chumba cha kufulia alimuuliza swali lile lile: "Mama Bondia, kijana atamwangusha raundi ya ngapi?" Alikuwa akijibu, "Kamuulizeni yeye," kisha anavuta shuka jingine.

Mwanawe alikuwa anakwenda kugombea mkanda wa uzito wa juu. Watu walibishana mpaka wakatoleana macho, hasa wale ambao hawajawahi kupigwa hata kofi.

Ila utabiri uliosubiriwa hasa ulikuwa wa shemeji yangu. Zamani aliitwa Katapila, na sifa yake ilikuwa moja tu: haanguki. Alikula ngumi za kila mtu, akasimama, akashinda. Leo kijiko cha supu kikifika mdomoni, nusu imeshamwagikia kifuani. Hamtambui hata mkewe, dada yangu; humwita nesi, kwa ajili ya ile sare ya kazini. Na mwanawe ndiyo hamjui kabisa. Kilichobaki ni jicho: mwonyeshe mabondia wawili kwenye televisheni, atakwambia nani mshindi, na hajakosea bado. Majirani huja na viti vyao. Mimi siwapendi, lakini chai nawapikia.

Dada alimsihi mwanawe aache ngumi hadi sauti ikamkauka. Mwishowe kijana akasema, "Sawa, mama. Baba aangalie. Akisema nitapigwa, najitoa, na ulingoni sirudi tena."

"Apa."

Akaapa, mimi mama yake mdogo nikiwa shahidi.

Jumapili alasiri akaleta video mbili, pambano la bingwa na pambano lake. Dada alikuwa ndiyo kwanza ametoka zamu. Alikaa sakafuni kando ya kiti cha mumewe, na sare yake mwilini, midomo ikimcheza. Mama anamwombea mwanawe ashindwe! Nami nikaitikia amina kimoyomoyo.

Shemeji alimwangalia bingwa, akapiga mwayo. Ilipofika zamu ya kijana, mikono ya shemeji ikaacha kutetemeka. Kwenye kioo kijana alikula konde la taya, akala la sikio, akala jingine. Akasimama vile vile.

"Huyu mwenye bukta nyekundu," shemeji akasema. "Mkanda ni wake."

Kijana aliruka, meza ikayumba. "Mama, umesikia? Umesikia?" Majirani waliojazana dirishani wakashangilia. Mmoja akapaza sauti, "Mtoto wa nyoka ni nyoka!" Ningekuwa na jiwe ningemtupia. Wakamvuta kijana nje wambebe mabegani, na kwa uzito ule wakabaki kuanguka naye na kucheka.

Ndani tulibaki watatu. Dada hakulia. Alikuwa amechoka mno hata kulia.

Shemeji hakuwa amemaliza. "Hajui kuanguka," alisema, macho bado kwenye kioo. "Angejua, angepona. Atashinda huyu, watamletea mwingine, naye atamshinda." Kisha akamgeukia mkewe. "Nesi, huyu kijana ana mama?"

"Anaye."

"Ukimwona, mpe pole."

"Nitampa," dada akasema, akamfuta supu kidevuni.