Jina Lililojirudia

Kanuni niliiandika mwenyewe, kwa dakika mbili: jina likitokea mara mbili kwenye orodha ya wagonjwa, visanduku vyake kwenye kompyuta vigeuke vyekundu. Orodha ya kliniki yetu ndogo pale Kisian ilikuwa chafu. Mtu mmoja aliweza kuandikwa mara tatu, kwa sababu kila aliyeshika kompyuta hakumwamini aliyemtangulia. Mimi nilitoka chuo kikuu na takwimu zangu, nikiwa simwamini yeyote.

Rangi ilitapakaa. Nilifuta, nikafuta, hadi ikabaki mistari miwili: majina yote matatu sawa, kijiji kimoja, nambari moja ya simu. Wa kwanza alikuwa mgonjwa wa presha, na mbele yake pameandikwa “amefariki”. Wa pili hakuwa na tarehe ya kuzaliwa.

“Sista,” nilimwuliza muuguzi, “mtu akishakufa huwa anarudi kliniki?”

“Akirudi, mwambie apange foleni,” alijibu akicheka, bomba la sindano mkononi.

Nikafuta mstari wa pili. Wekundu ukazimika, orodha ikawa nyeupe, nami nikaenda kula.

Miezi miwili baadaye mwanamke aliingia mbio, amembeba mtoto wa kike mwenye homa, vidole vimevimba.

“Nimengoja simu yenu,” alisema. “Si mlisema dawa zikifika mtapiga?”

Muuguzi aliwatambua. Yeye ndiye aliyempima mtoto akamkuta na selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, akamwandikisha siku ambayo mama alikuwa amesahau kadi nyumbani. Akaniambia nitafute jina. Nikalitafuta. Likatokea moja tu, la yule aliyekufa.

“Huyo ni mama mkwe wangu,” mwanamke alisema. “Alitumia simu yangu. Huyu alipozaliwa alilia siku tatu. Tukataja majina ya watu wa boma waliokufa, moja moja. Kwa la bibi yake akanyamaza, tukampa yote matatu.”

Siku nyingine ningemwuliza mlitaja mangapi kabla ya hapo. Mtoto aliyelia siku tatu lazima achoke, na jina litakaloangukia saa hiyo ndilo litakaloshinda. Swali lilikuwa tayari mdomoni. Nikaviona vile vidole.

“Nilimfuta mimi,” nikasema.

Mama akauliza, “Ulimfuta yupi?”

Nikasogea kumpisha muuguzi.

Muuguzi alimdunga mtoto dawa ya maumivu, akamwekea dripu. Mtoto aliendelea kulia, sauti nyembamba isiyo na nguvu. Mama alimbembeleza akashindwa, kisha akanigeukia.

“Muite wewe, Bwana. Wewe ndiye ulimwondoa.”

Nikaita majina yote matatu kama yalivyoandikwa.

“Unasoma. Muite kama mtu!”

Nikainama juu ya kitanda, nikaita tena, jina moja tu, lile la Kijaluo. Mtoto akanyamaza. Akafungua macho, akaniangalia.

Kufikia jioni homa ilikuwa imeshuka, na leo yu hai. Dawa ilikuwa imepata muda wa kutosha kufanya kazi. Hiyo ndiyo sababu, na anayeniuliza namweleza hivyo. Lakini wakati ule nilibaki nimeinama, naogopa kuinuka, kwa maana sikujua ni nani kati yao aliyeitika.